Oili ya Injini: Hesabu na Miezi, Si Kilomita Peke Yake

Gari nyingi za binafsi zinazopita katika raundi abauti ya Michenzani ziliingia Zanzibar zikiwa zimeshatumika Japani. Zinapobadilishwa oili, mwenye gari hupewa kibandiko chenye namba moja tu: kilomita za kurudi tena gereji. Wapo wanaoifuata namba hiyo bila kuuliza, na wapo wanaosubiri taa nyekundu ya oili iwake. Wote wawili wanaweza kuingia hasara. Somo hili linamwezesha mtumiaji kujua muda unaolifaa gari lake na mambo ya kudai anapolipia huduma hiyo.

Kwa nini oili huchakaa

Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana, hupunguza joto na hubeba masizi. Ndani yake mna viambato vinavyozuia kutu na kuganda kwa uchafu. Viambato hivyo hupungua kadiri injini inavyofanya kazi, na pia kadiri muda unavyopita.

Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji. Sehemu ya mvuke huo, pamoja na petroli isiyoungua, hupenya pembeni mwa pistoni na kuchanganyika na oili. Safari ikiwa ndefu, injini hupata moto wa kutosha na unyevu huo hukauka. Injini ikizimwa mapema kila mara, unyevu hubaki. Baada ya muda oili hugeuka tope linaloziba njia nyembamba, na vyuma vya juu ya injini hukosa ulainisho.

Gari mbili za mtaa mmoja

Tuchukue mfano. Mwalimu anayeishi katika majumba ya Michenzani huendesha hadi skuli iliyo jirani, hupita Darajani na kurudi nyumbani. Kwa siku hutembea kilomita 8, katika safari fupi fupi. Kwa siku 25 za mwezi, hizo ni kilomita 200. Akisubiri kilomita 5,000 zilizoandikwa kwenye kibandiko, atarudi gereji baada ya miezi 25.

Jirani yake huchukua wageni hadi Nungwi. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 120 kwa siku, sawa na kilomita 3,000 kwa mwezi. Yeye hufikia 5,000 kabla ya miezi miwili kwisha.

Kwa mtazamo wa haraka, gari la mwalimu ndilo linalotunzwa, kwa kuwa halichoshwi. Kwa oili, hali ni kinyume: kila kilomita ya mwalimu huichakaza zaidi, maana injini yake haipati nafasi ya kukausha unyevu. Namba moja ya kibandiko haiwezi kuwafaa wote wawili.

Muda wa kufuata

Rejea ya kwanza ni kitabu cha gari. Kwa injini nyingi za petroli zisizo na turbo, mwongozo wa Toyota nchini Japani ni kilomita 15,000 au mwaka 1, kwa kutegemea kinachotangulia. Kwa matumizi magumu, viwango hivyo hupungua kwa nusu: kilomita 7,500 au miezi 6. Kwa injini za petroli zenye turbo ni kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu ni kilomita 2,500 au miezi 3.

Matumizi magumu ni pamoja na safari za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8, barabara mbovu, foleni, kuiacha injini ikinguruma huku gari limesimama, na kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Kwa hiyo, mwalimu na jirani yake wote wamo katika kundi hili. Mwalimu abadilishe kila miezi 6, hata kama ametembea kilomita 1,200 tu. Jirani afuate kilomita 7,500, yaani kila baada ya miezi miwili na nusu hivi.

Iwapo historia ya gari au ubora wa oili iliyomo haujulikani, ni salama zaidi kutumia kilomita 5,000 au miezi 6 kwa injini isiyo na turbo. Gari lililotoka bandarini libadilishwe oili na filta mapema, kisha tarehe iandikwe. Kuibadilisha kila mwezi bila sababu ya kiufundi nako ni kupoteza fedha.

Dalili zinazopotosha

Weusi wa oili hauthibitishi kuwa imekwisha. Oili inayobeba masizi huwa nyeusi, hasa ya injini ya dizeli. Rangi ya maziwa ya kahawa ndiyo ya kutia shaka, kwani huashiria maji. Taa nyekundu ya oili si ukumbusho wa kubadilisha: huonya kuwa shinikizo la oili limeshuka. Ikiwaka safarini, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Ili usifikie hapo, angalia kijiti cha kupimia oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. Kiwango kiwe kati ya alama mbili.

Kusoma galoni

Maandishi kama 5W-30 huonesha uzito wa oili. Namba iliyo kabla ya W huhusu injini ikiwa baridi. Ya mwisho huhusu injini ikiwa ya moto. Joto la Unguja si sababu ya kutosha ya kutia 20W-50 katika injini iliyoundwa kwa 0W-20 au 5W-30. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika panapohitajika na huongeza ulaji wa mafuta. Herufi za API, mfano SN au SP, huonesha daraja la ubora wa oili ya injini za petroli. Madaraja ya SA hadi SH yamepitwa na wakati.

Unapokuwa gereji

1. Nunua galoni yenye lakiri isiyovunjwa, na ishuhudie ikifunguliwa. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lisilo na maandishi haina wa kuidhamini.
2. Hakikisha oili ya zamani imemwagwa yote na filta imebadilishwa kama kitabu kinavyoelekeza.
3. Dai risiti inayotaja aina ya oili, idadi ya lita na bei ya filta.
4. Kibandiko kiandikwe kilomita pamoja na tarehe ya kurudi.
5. Galoni tupu iharibiwe, isije ikajazwa tena na kuuzwa.

Ukishuku kuwa oili ni bandia, hifadhi galoni, kiasi kilichobaki na risiti, kisha toa taarifa Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) au Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Bila risiti, malalamiko huwa magumu kuthibitishwa.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala ardhini. Mji na vijiji vya Unguja hutegemea maji ya chini ya ardhi, na mawe ya matumbawe hupitisha uchafu kwa urahisi. Uliza gereji inaipeleka wapi kabla ya kuwaachia kazi.

Jipime

Je, unajua tarehe gari lako lilipobadilishwa oili mara ya mwisho? Safari yako ya kawaida ni ya kilomita ngapi? Risiti yako inataja oili gani? Ukikosa jibu la swali la kwanza, angalia kijiti leo, na panga kubadilisha oili wiki hii.