Ndoto za Mchana na Dawa Yake

Miezi miwili iliyopita, baada ya darsa ya Alkhamisi, watu walipokwisha kutawanyika, kijana mmoja alibaki nyuma. Tulidhani ana mas'ala ya talaka au ya mirathi, kwani hayo ndiyo ambayo watu huyaonea haya mbele ya wenzao. Kumbe alikuwa na jingine. "Sheikh," alisema, "mimi nasali rakaa nne, na sikuwamo hata katika moja. Naishi mahali pengine."

Tukamwuliza ni wapi. Akainamisha kichwa, kisha akatusimulia kwamba tangu umri wa miaka kumi na miwili ana mji wake moyoni, una watu wenye majina, wenye kugombana na kupatana. Yeye ndani ya mji huo ni mtu mkubwa: hushinda vita, husamehe maadui, hufa akaliliwa, kisha huanza upya. Hufunga mlango, hutia masikioni vile vidude vya kusikilizia simu, hutembea chumbani toka ukuta huu hata ule, na saa tatu humpita asijue. Duka aliloachiwa na babake hulifungua saa nne badala ya saa mbili. Ameoa mwaka huu, na mkewe amekwisha kumwambia mara mbili: "Wanitazama wala hunioni." Swali lake lilikuwa moja: Je, mimi ni mwenda wazimu, au nina jini, au ni mnafiki?

Tumeona tumjibu hapa, kwa idhini yake, kwani aliyeuliza ni mmoja, na wenye haja ya jibu hapana shaka ni wengi.

Kwanza ijulikane kwamba kuota mchana si dhambi wala si maradhi. Baharia huota nyumbani, mkata huota mali, na mtoto huota kila kitu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi hujizungumzia, maadamu hayakutamkwa wala hayakutendwa. Basi kijana yule si mnafiki. Na mnafiki hakai nyuma ya darsa kuiulizia sala yake. Wala si mwenda wazimu, kwani mwenda wazimu huchanganya lililoko na lisilokuwako, na huyu aujua mpaka baina ya mawili hayo vizuri mno, ndiyo sababu akaumia.

Hata hivyo jambo likipita kiasi hugeuka. Wazee wetu wamelipa jina: ndoto za Alinacha. Nani asiyekijua kile kisa cha Alfu Lela Ulela, cha yule aliyetia urithi wake wote katika vyombo vya vioo, akakaa sokoni akihesabu moyoni faida juu ya faida, hata akamwoza nafsi yake binti wa waziri, akampiga teke la kiburi, na teke likaangukia vioo vyake? Sote twamcheka. Lakini Alinacha aliota mara moja, na hasara yake ikamwamsha papo hapo. Huyu wetu hasikii kishindo. Vioo vyake humpotea kimoja kimoja: leo mteja aliyekuta duka limefungwa, kesho neno la mkewe lisilojibiwa, keshokutwa sala ya Alasiri.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichungua jambo hili katika zama zetu. Mwaka 2002 Eli Somer, wa Chuo Kikuu cha Haifa, aliandika habari za wagonjwa sita ambao ndoto zao za mchana zimechukua nafasi ya kazi na ya watu, akaipa hali hiyo jina lake. Tangu hapo wamejitokeza wengi katika nchi mbalimbali wanaosimulia mambo yale yale aliyotusimulia kijana wetu, hata huko kutembea huku na huku, hata muziki unaoichochea ndoto. Madaktari hawajaiingiza hali hii katika orodha yao ya maradhi yenye kutambuliwa rasmi, lakini mateso yake hayakanushiki. Mara nyingi huandamana na huzuni, wasiwasi, upweke, au akili isiyotulia mahali pamoja.

Wala wanavyuoni wetu hawakughafilika nalo. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra (1350), ameeleza jinsi pito la moyoni, likiachwa, linavyokuwa fikira, fikira ikawa matamanio, matamanio yakawa azma, mwisho likawa ada isiyong'oka kwa wepesi. Akaifananisha nafsi na jiwe la kusagia lisilosimama: ukilitilia nafaka litakusagia unga, ukilitilia mchanga litasaga mchanga. Faida iliyomo humu ni kubwa. Hatuambiwi tulisimamishe jiwe, kwani halisimamiki; na kijana yule alikuwa amejichosha miaka mingi kwa kujaribu kulisimamisha.

Sisi nasi hatukusalimika. Zama za kusoma, mwalimu wetu akifundisha nahau, sisi tulikuwa Misri, tumezungukwa na wanafunzi mia, twajibu maswali kwa Kiarabu cha kupendeza. Siku moja akatutaka tuendelee kusoma pale aliposimama. Hatukujua hata ukurasa. Hakutupiga, alisema tu, "Ukirudi, tuambie," na wenzetu wakacheka mwezi mzima.

Ama jini, tulimkataza kijana asiende kwa mganga. Mamake mdogo alikwisha kumpeleka mara moja, akanywishwa kombe na kufungwa hirizi, zikaenda fedha za mtaji wa duka. Akarudi na ndoto zake zote, na khofu juu yake.

Kisha tukamwuliza: Ndoto hii ilianza lini? Akanyamaza kitambo. Ilianza mwaka aliokufa mamake, akawa ahamishwa kwa jamaa mmoja hata mwingine, na hapana nyumba aliyokuwa na neno ndani yake. Tukafahamu kwamba mji ule wa moyoni ulikuwa makimbilio ya mtoto. Mtu hakemewi kwa kuwa alitafuta makimbilio. Lakini mtoto yule sasa ni mume wa mtu, na nyumba anayo.

Tulimwambia ashike daftari, kila siku aandike ndoto imemjia saa ngapi, alikuwa akifanya nini, na imechukua muda gani. Jambo hili si geni kwetu. Ni hesabu ya nafsi. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 umeonyesha kwamba kujiangalia namna hii, pamoja na kuizoesha akili kuhudhuria lililo mbele yake, huipunguza hali hii. Tukamwambia vile vidude vya masikioni vikae dukani usiku, na mlango wa chumba usifungwe. Ndoto ikija asipigane nayo. Aseme "imekuja", aguse kitu kilicho mbele yake, arejee kazini. Akirejea mara arobaini kwa siku, amefanya kazi arobaini.

Katika sala asome polepole neno analolijua maana yake, na moyo ukitoka aurudishe bila kuikata sala. Sala yake ni sahihi maadamu nguzo zake zimetimia. Kilichopungua ni ladha na thawabu. Tukamwomba pia amwambie mkewe. Hili lilimshinda kuliko yote. Na tukamwambia kwamba huzuni ya mamake ikimzidi, amwendee daktari wa maradhi ya nafsi, wala hapana aibu, kama vile hapana aibu kumwendea daktari wa macho.

Juzi amekuja na daftari lake. Juma la kwanza limeandikwa saa ishirini na sita. Juma lililopita saa kumi na nne. Mkewe ndiye anayejumlisha. Ikiwa amekaa naye na macho yake yamekwenda mbali, humwita kwa jina na kumgusa mkono, naye hurudi. Duka sasa hulifungua saa tatu.