Mgeni Akilala Kwako: Kijitabu cha Afya kwa Kaya

Mgeni akipiga simu kwamba yuko njiani, nyumba nzima huhamia jikoni. Kuku anakamatwa, mchele unachaguliwa, mtoto anatumwa dukani kufuata soda. Malazi hukumbukwa saa nne usiku, watu wameshiba na watoto wamesinzia kwenye makochi. Hapo ndipo godoro la akiba linapovutwa kutoka uvunguni, na mtu anauliza, "Kwani kile chandarua kingine kiko wapi?" Kijitabu hiki kinahusu zaidi saa hizo za usiku, maana ndizo zinazosahaulika, na ndizo zenye mbu, hewa ya mkaa na chakula kinachoharibika.

Chandarua cha sebuleni

Mbu anayeambukiza malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri. Feni humsumbua, lakini umeme ukikatika saa nane usiku mgeni wako amebaki mikononi mwa mbu. Kwa hiyo mnapopanga vyandarua, hesabuni sehemu za kulala, msihesabu vitanda. Godoro lililotandikwa chini sebuleni ni sehemu ya kulala kama kitanda cha baba mwenye nyumba.

Sebuleni chandarua cha duara ndicho chepesi, kwa kuwa kinataka msumari mmoja tu. Cha pembe nne kinataka ubunifu: kamba mbili kwenye nondo za dirisha, ya tatu kwenye bawaba ya mlango, ya nne kwenye msumari wa saa ya ukutani. Kikishuka, kingo zichomekwe chini ya godoro pande zote, au chini ya mkeka ikiwa godoro ni jembamba. Kisha mgeni asogee katikati. Mkono au goti likiegemea chandarua usiku kucha, mbu hupenyeza mdomo kwenye matundu na kunywa akiwa nje.

Chandarua kipya chenye dawa kitolewe kwenye mfuko na kuanikwa kivulini saa 24 kabla ya kutumika, la sivyo kinaweza kuwasha ngozi na macho. Hii ndiyo sababu ya kukifungua kabla mgeni hajafika. Nyumba nyingi Tanzania zina kimoja au viwili kabatini, kwani mjamzito hupewa anapoanza kliniki, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua. Tunavitunza kwa ajili ya siku maalumu, kama vikombe vya kabatini. Basi siku maalumu ndiyo hii. Kikichafuka, kifuliwe kwa sabuni ya kipande bila jiki, kisha kianikwe tena kivulini, maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa.

Bibi aliyetoka Njombe au Moshi, ambako malaria ni chache, anaweza kukataa: "Mjukuu wangu, hilo linanibana pumzi." Msibishane. "Bibi, nakutundikia tu, na dirisha naliacha wazi hewa ipite. Ukishindwa niite." Mara nyingi haiti. Mgeni wa namna hiyo, na hasa mtoto mdogo, hana kinga ambayo mwili wa mtu aliyekulia Mtwara au Tabora umeijenga kwa miaka. Dawa ya mbu ya kuchoma haichukui nafasi ya chandarua, na moshi wake humtesa mwenye pumu.

Jiko libaki nje

Mwezi wa Juni na Julai, Makete, Njombe na Lushoto kuna baridi ya kung'ata. Mgeni kutoka Dar es Salaam anatetemeka mpaka mwenyeji anamwonea huruma, na huruma ndiyo inayoleta hatari: jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala.

Wengi hudhani kinachoua ni moshi, hivyo husubiri makaa yaive, yawe mekundu, yasitoe moshi tena, ndipo waliingize. Hapo wanajidanganya. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, miguu ikalegea. Aliyelala hahisi chochote. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kuwa kinga.

Kwa hiyo jiko lilale nje, hata kama makaa yanaonekana yamekufa, kwa sababu chini ya majivu huwa bado yanawaka. Mgeni apewe blanketi la pili, soksi, uji wa moto kabla ya kulala, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa kwenye kanga. Mkiwakuta watu wamelegea chumbani kwenye jiko, fungueni milango na madirisha, wavuteni nje upesi, wapelekwe hospitali hata wakizinduka. Anayeokoa asikawie ndani. Jenereta nayo isiwekwe barazani chini ya dirisha la mtu aliyelala. Sumu yake ni hiyohiyo.

Pilau ya jana

Sufuria ya pilau ya wageni haiishi siku moja. Inabaki jikoni imefunikwa, na asubuhi kiporo kinapashwa kwa chai. Siwakatazi kiporo, nani atanisikiliza? Lakini fahamuni kinachotokea usiku. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, na vijimbegu vyake vinavumilia kuchemka. Wali unapopoa polepole, na katikati ya sufuria kubwa hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, vijimbegu huamka na kuzaana. Baadhi huacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi. Mtu akila, hutapika baada ya saa 1 hadi 6, na watu husema ni husuda au ni safari.

Kinachookoa kiporo ni kupoa haraka. Watu wakimaliza kula, kilichobaki kitandazwe kwenye sinia pana au kigawanywe kwenye bakuli ndogo, kikipoa kiingie kwenye friji. Kisikae nje zaidi ya saa 2; kwenye joto la pwani, saa 1. Nyumba isiyo na friji ipike kinachoisha, na kinachozidi kipelekwe kwa jirani usiku huohuo, kingali cha moto. Jirani hatakasirika.

Kunawa nako kuna namna yake. Watu kumi wakichovya mikono kwenye beseni moja, wa mwisho ananawa uchafu wa tisa. Mtoto ashike jagi amwagie kila mtu maji juu ya beseni, kwa sabuni, na mikono ikauke yenyewe badala ya kufutwa kwa taulo moja. Karibu na choo, kibuyu chirizi chenye maji na sabuni kinatosha. Maji ya kunywa yachemke hasa, yafunikwe, na yachotwe kwa kata yenye mpini ili vidole visiyaguse.

Dawa, choo na kikohozi

Mgeni mtu mzima mara nyingi anatembea na dawa. Muulize pembeni, mbali na masikio ya wengine: "Mjomba, dawa zako tuziweke wapi?" Usiulize ni za nini. Anayekunywa dawa kwa saa maalumu anataka maji na faragha, basi. Dawa zikae juu, zisifikiwe na watoto, maana vidonge vya presha vya babu vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili aliyedhani ni pipi. Insulini ikae kwenye friji lakini si kwenye friza, ikiganda imeharibika.

Mwonyeshe choo mapema, kabla giza halijaingia. Mzee apewe tochi na ndala zisizoteleza, au ndoo yenye kifuniko chumbani ikiwa choo kiko mbali.

Mgeni aliyekohoa wiki 2 au zaidi apelekwe kupimwa kifua kikuu. Wakati huo, madirisha ya chumba chake yawe wazi na watoto wasilale naye. Kumtengea kikombe na sahani hakusaidii kitu, kwa kuwa ugonjwa huu huenea kwa hewa; kunamdhalilisha bure.

Watoto walale wapi

Hili watu hulionea haya. Nyumba ikijaa, watoto hubanwa kitanda kimoja na mgeni mtu mzima: mjomba, binamu, rafiki wa baba. Msifanye hivyo. Watoto walale pamoja chumba cha wazazi, hata kama ni chini, na mgeni apewe sehemu yake. Mpango huu uwe wa nyumba kwa kila mgeni, hapo hakuna atakayejiona ameshukiwa. Wanaowadhulumu watoto mara nyingi ni watu wanaofahamika. Mtoto akikataa kulala mahali, asikilizwe kabla ya kukemewa. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, Tanzania na Kenya, bila malipo.

Akiugua

Mgeni akiharisha, aanze kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti mapema. Yakikosekana, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Kuhara kama maji yaliyooshewa mchele ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, huku akiendelea kunywa njiani.

Homa nayo ipimwe, isibahatishwe kwa dawa iliyobaki kabatini. Inayoanza siku ya pili haikuletwa na mbu wa nyumbani kwako, kwani malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza; lakini huenda aliambukizwa kabla hajafika. Kwa sababu hiyohiyo, aliyelala kwako wiki hii anaweza kuugua akiwa ameshafika kwao Makete, ambako mhudumu hatafikiria malaria haraka. Mnapomsindikiza stendi, mwambieni: homa ikimpata ndani ya miezi mitatu, aende kupimwa siku hiyohiyo, na aseme alilala wapi.