Shinikizo la damu: badilisha jambo moja moja

Ndugu mkazi, ukiambiwa kliniki kwamba una shinikizo la damu, usijaribu kubadili maisha yote kwa siku moja. Utachoka na kurudia mazoea ya zamani. Anza hivi:

Wiki ya 1 na 2: Chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, katika vyakula vyote. Sufuria ni ya familia nzima, kwa hiyo zungumza na anayepika. Punguzeni kidogo kidogo, ulimi utazoea. Msiache kabisa, kwani chumvi yenye madini joto huzuia rovu.

Wiki ya 3 na 4: Mboga. Ongeza lengalenga au matembele. Hata gunia la udongo kando ya nyumba ni bustani. Mafuta yapime kwa kijiko, usiyamimine tu.

Wiki ya 5: Kutembea. Tembea haraka dakika 10, ukiongeza polepole hadi 30, siku 5 kwa wiki. Kifua kikiuma, simama, nenda kliniki mara moja.

Kumbuka: shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Rudi kupimwa tarehe uliyopewa.