Mkono Usiochomoka: Jinsi ya Kushona Viungo vya Mdoli wa Kitambaa

Somo la leo ni refu kidogo, chukua chai yako kabisa. Ni kwa wale mnaoshona midoli ya kitambaa na kuuza mtandaoni, lakini hata wewe unayeshona mikoba au nguo za watoto utaondoka na kitu.

Mwaka jana nilimtumia mteja mdoli kwa basi. Akapokea, akausifia, mpaka akauweka status. Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, sina ugomvi na wewe, ila angalia hiyo picha niliyokutumia." Mdoli hauna mkono. Mkono ulichomoka, na kile kifungo nilichoweka begani kama urembo, mama alikitoa kwa kidole mdomoni mwa mtoto. Mtoto ana mwaka na nusu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Usiku ule nilifungua daftari la oda nikahesabu: midoli 14 ya aina ile ilikuwa imeshatoka. Nikawapigia wateja mmoja mmoja. Tisa waliirudisha nikaishona upya, watatu nikawarudishia hela zao, wawili mpaka leo simu hazipokelewi. Faida ya miezi miwili ikaishia pale. Sitaki yakukute.

Nilichojifunza ni hiki: mteja ananunua kwa sababu ya sura ya mdoli, lakini mtoto anaubeba kwa mkono. Anauburuta, anaugombania na mwenzake, anauning'iniza. Sura nzuri inauza mdoli wa kwanza. Kiungo imara ndicho kinachouza wa pili.

KWANZA, JUA UNAMSHONEA NANI

Mtoto chini ya miaka 3 kila kitu kinaenda mdomoni. Kiwango cha usalama wa midoli cha Ulaya, EN 71, na sheria za Marekani zinakataza mdoli wa mtoto wa umri huo kuwa na kipande kidogo kinachoweza kuchomoka. Wanapima kwa kikopo maalumu chenye upana wa milimita 31.7. Kipande kikizama chote mle ndani, hakifai. Sasa chukua kifungo cha shati upime na rula. Kinazama na nafasi kubwa inabaki.

Kwa hiyo mimi nina aina mbili za midoli. Ya wadogo haina kifungo wala shanga hata moja, macho yamedariziwa kwa uzi. Ya kuanzia miaka 3 ndiyo inaweza kuwa na kifungo begani. Mteja akiagiza, swali langu la kwanza siyo rangi. Ni: "Mtoto ana umri gani, na nyumbani kuna mdogo zaidi yake?"

VIFAA

1. Kitambaa cha pamba kisichovutika: popolini au amerikani kwa mwili, kitenge kwa nguo. Kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, kwa sababu pamba husinyaa.
2. Uzi wa polista wa cherehani, na uzi wa nailoni ule wa mafundi viatu.
3. Pamba ya mito, ile nyeupe ya viwandani. Sufi ni nzuri kwa mto, lakini mdoli ukifuliwa inaganda mabonge.
4. Sindano ndefu ya mkono, sm 12 au zaidi. Mafundi magodoro na masofa wanazo.
5. Kipande cha jinsi ya zamani. Hiki ndicho siri ya somo zima, utaona.
6. Kijiti chenye ncha butu cha kugeuzia na kujazia.

Popolini mimi siendi kununua. Kuna fundi jirani anashona sare, mabaki yake ananiuzia kwa bei ya kishikaji.

KUSHONA MKONO NA MGUU

Vipimo vyangu kwa mdoli wa sm 40: kichwa na shingo sm 10, kiwiliwili sm 12, miguu sm 18. Mikono sm 15. Upana wa mkono sm 4, wa mguu sm 5.

Hatua ya 1. Chora mkono na mguu kwenye karatasi ngumu ya boksi, ukate. Hiyo ndiyo pateni yako, itunze.

Hatua ya 2. Kunja kitambaa, nyuso zikitazamana kwa ndani. Weka pateni ifuate urefu wa kitambaa, yaani sambamba na pindo lake la kiwandani. Ukiiweka mshazari, mkono utavutika wakati wa kujaza na utanenepa upande mmoja.

Hatua ya 3. Chora kwa chaki, halafu USIKATE KWANZA. Shona juu ya mstari, ndipo ukate ukiacha nusu sentimita kuzunguka. Vipande vidogo ukikata kabla vinateleza, na mikono inatoka mmoja mrefu mmoja mfupi.

Hatua ya 4. Weka hatua ndogo ya mshono, kati ya 1.5 na 2. Kwenye kidole gumba na kisigino pitisha mara mbili. Mwanzo na mwisho rudisha cherehani nyuma.

Hatua ya 5. Kwenye mipindo kata vijikato vidogo kuelekea mshono, uishie milimita 2 kabla ya kuufikia. Bila hivyo kiganja kitakunjamana ukigeuza.

Hatua ya 6. Geuza, kisha jaza kwa vijinyofoa vidogo vidogo vya pamba ukianzia vidoleni. Ukisukuma bonge kubwa kwa mara moja, katikati panabaki shimo na mkono unavunjika shingo.

Sasa tuje kwenye viungo vyenyewe.

AINA YA KWANZA: KIUNGO CHA MSHONO (kwa wadogo)

Hapa mkono unakunjika mahali ambapo hakuna pamba. Acha mdomo wa juu wazi. Jaza vizuri mpaka kwenye kiwiko, kisha shona mstari mmoja kukatiza mkono kwa cherehani. Jaza sehemu ya juu, safari hii kwa ulegevu kidogo, uishie sm 2 kabla ya mdomo. Funga kwa mstari mwingine. Ile ngozi tupu iliyobaki juu ndiyo bega.

Mguuni kuna mtego, na wengi tunanasa. Kama umechora mguu kwa ubavu, wayo ukielekea mbele, basi mishono yako iko mbele na nyuma ya mguu. Ukishona goti hivyo hivyo, mguu utakunjika kwenda pembeni kama wa kaa. Kabla ya kushona mstari wa goti, finya mguu ili mshono wa mbele ukutane na wa nyuma katikati, ndipo ukatize. Fanya vivyo hivyo juu kwenye paja. Mdoli utakaa kitako vizuri.

Kuunganisha: mikono iwe tayari KABLA hujafunga kiwiliwili. Laza mikono ndani, katikati ya kipande cha mbele na cha nyuma, viganja vikielekea ndani na ile ngozi tupu ikitokeza nje ya mstari wa mshono kwa sm 1. Bana kwa pini. Shona ubavu mzima, kisha pale kwenye mkono rudi tena mara mbili. Ukigeuza kiwiliwili, mikono inatoka nje yenyewe na mzizi wake umebanwa na vitambaa viwili.

Miguu inafuata baada ya kugeuza. Ilaze juu ya kipande cha mbele, nyayo zikiwa juu kifuani, vidole vikitazama kitambaa. Shona kwenye ukingo wa chini wa kipande cha mbele peke yake, mara tatu. Ukiishusha, vidole vitatazama mbele. Jaza kiwiliwili, kunja ukingo wa nyuma kwa ndani, funga kwa mkono kwa mshono wa kujificha.

AINA YA PILI: KIUNGO CHA UZI (miaka 3 kuendelea)

Hiki kinafanya mkono uzunguke kabisa, juu mpaka chini. Mkono unafungwa juu kwa umbo la duara, na nafasi ya kujazia unaiacha upande wa nyuma, kama sm 4, unaishona baadaye.

Kosa langu la zamani lilikuwa hapa. Nilishona kila mkono peke yake kwa uzi wa kawaida, sindano ikishika kitambaa cha juu tu. Mtoto akivuta, anavuta nyuzi tatu nne za popolini. Zinaachana, mkono unatoka na uzi mzima haujakatika. Kwa hiyo fanya hivi:

Kabla ya kushona kiwiliwili, kata viduara vya jinsi vya sm 3. Kimoja kishone upande wa ndani wa kila bega na kila nyonga, na kimoja ndani ya kila mkono na mguu pale kiungo kitakapopita. Mtoto akivuta, sasa anavuta jinsi.

Chukua uzi wa nailoni, ukunje uwe mara mbili. Ingiza sindano kati ya mkono wa kulia na mwili ili fundo lijifiche. Pita mwili mzima mpaka bega la kushoto, toboa mkono wa kushoto, ingia tundu moja la kifungo, rudi kwa tundu la pili. Pita tena mwilini kurudi kulia, toboa mkono wa kulia, kifungo, rudi. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya minne, na kila mzunguko vuta mpaka mabega yazame kidogo. Hapo mikono miwili imeshikana yenyewe kwa yenyewe kupitia mwilini. Kuchomoa mmoja ni kushindana na wote wawili.

Malizia kwa kuzungusha uzi mara sita kati ya mkono na mwili, piga mafundo matatu, kisha zamisha sindano mwilini itokee mbali, ndipo ukate. Miguu ni vivyo hivyo kupitia nyonga.

JARIBIO LA NDOO

Katika EN 71 kuna jaribio la kuvuta. Kitu kinachozidi milimita 6 kinavutwa kwa nguvu ya niutoni 90 kwa sekunde 10. Hiyo ni karibu sawa na uzito wa kilo 9. Maabara hatuna, ndoo tunazo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jaza lita 9.

Mimi katika kila midoli sita natoa mmoja sadaka. Naufua, naukausha, nafunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, nabeba ndoo kwa huo mkono huku nimeshika kiwiliwili, nahesabu mpaka kumi. Halafu mguu. Nikiona mshono umefunguka meno hata kidogo, ile sita yote haitoki. Hii haikupi cheti chochote, usije ukaandika kwamba umethibitishwa. Inakupa usingizi.

BEI SASA

Zamani niliuza 10,000. Vifaa 4,000, muda saa tatu, na saa yangu moja naihesabia 2,000. Jumlisha uone: 10,000 kamili. Nilikuwa najilipa kibarua tu, biashara haipati kitu.

Sasa vifaa ni 4,500 na muda ni saa nne, yaani 12,500. Nauza 15,000. Ile 2,500 ndiyo inalipia mdoli wa ndoo, sindano zinazovunjika, na kinachobaki ni faida. Kuna wateja waliondoka, sitakudanganya. Waliobaki hawaulizi "mwisho shilingi ngapi" mara tano.

Na ukitangaza, usiandike "mdoli mzuri bei poa". Andika kitu ambacho mama anakitafuta:

"Mdoli wa kitambaa, sm 40. Mikono na miguu inakunjika. Hauna kifungo wala shanga, macho yamedariziwa. Unafuliwa kwa mkono. Kila kundi la midoli sita tunajaribu mmoja kwa kuubebesha ndoo ya lita 9."

Weka na video ya ndoo. Sekunde 10 tu. Ile video imeniuzia kuliko picha zote nilizowahi kupiga.

KAZI YA LEO

Kabla hujalala, chukua mdoli mmoja kwenye mzigo wako, ushike mkono, uvute kama mtoto anayegombania. Ukisikia "krr", usiupakie kesho. Ufumue. Na kama kuna iliyoshatoka, piga simu leo. Inauma mfukoni, najua, lakini ni bora uanze wewe kupiga kuliko kusubiri kupigiwa.

Yule mama nilimshonea mwingine bila kifungo, nikautuma kwa nauli yangu. Alishukuru. Status hakuniweka tena, na sijamwomba.

Somo lijalo tutashona nywele za uzi ambazo hazinyofoki. Hifadhi hili, na umtumie mwenzako anayeshona.