Kiwanja Kimepimwa: Neno Pima, Utata na Rejesta ya Ardhi

Mtahiniwa, isome sentensi hii kwa makini: "Nauza kiwanja kilichopimwa." Unaweza kuikuta kwenye kibao kando ya barabara ya Tunduma–Sumbawanga, ukipita hapa kwetu Laela, na unaweza kuikuta Mbeya au Dodoma. Haina kosa la sarufi. Hata hivyo ina maana mbili, na muuzaji akiwa na moja huku mnunuzi akielewa nyingine, fedha za mahindi ya msimu mzima zinaweza kupotea. Tutaitumia kurudia mada mbili zinazowasumbua watahiniwa: utata na rejesta.

Maana ya kawaida

Kupima ni kutafuta urefu, uzito, ujazo au hali ya kitu. Sokoni tunapima maharage kwa debe, zahanati tunapimwa malaria, fundi cherehani anakupima kiuno. Neno hilo likiwa nomino, pima ni kipimo cha kale cha urefu, yaani umbali kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi wa pili mtu anapoinyoosha mikono yake. Shubiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. (Usikariri sana hapa. Nakuonyesha tu kwamba upimaji ulianzia kwenye mwili wa mtu.)

Kwa maana hii ya kawaida, mzee anayekata kipande cha shamba lake, akahesabu hatua 30 kwa 20 mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na kupanda minyaa pembeni, amepima. Akiandika "kiwanja kilichopimwa" hajasema uongo.

Maana ya kitaalamu

Katika rejesta ya wapima ardhi, neno hili lina masharti. Kiwanja kimepimwa pale tu mpima ardhi anayetambuliwa kisheria anapopima pembe zake kwa vifaa, akasimika bikoni, akachora ramani ya upimaji, na ramani hiyo ikaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kazi hiyo inaongozwa na Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324. Kabla yake huwa kuna mchoro wa mipango miji, na baada yake ndipo hati hutolewa. Ndiyo maana Wizara ya Ardhi hutaja maneno matatu kwa mpangilio: kupanga, kupima na kumilikisha. Angalia nafasi ya neno la pili. Kiwanja kilichopimwa si lazima kiwe na hati, na wengi hulisahau hilo hata nje ya chumba cha mtihani.

Bikoni ni nini? Mara nyingi ni chuma kilichozungushiwa zege, chenye namba yake, kinachowekwa kwenye kona ya kiwanja. Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza na liko katika ngeli ya I-ZI: bikoni hii imeng'olewa, bikoni hizi zimeng'olewa.

Kwa nini mtaalamu asikubali hatua? Kwa sababu hatua yako si hatua yangu. Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 akitembea hatua 30 amefika mita 27. Mwenye hatua ya sentimita 70 amefika mita 21. Hizo mita sita za tofauti zinatosha kujenga chumba na sebule, na zinatosha kuwafikisha majirani wawili kwenye baraza la ardhi. Tena minyaa ikikatwa, ushahidi umekatwa nao. Bikoni ina majira yake ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo kwenye ramani. Mtu akiing'oa usiku, ambalo ni kosa la jinai, mpima anaweza kurudi na kuonyesha ilipokuwa. Kazi hiyo wao huiita kufufua mipaka. Andika mfano huo kwenye daftari lako, kwa kuwa neno "kufufua", ambalo wengi tunalisikia kanisani, limepata maana mpya kwa sababu ya mada na wahusika wa mazungumzo. Hiyo ndiyo rejesta.

Kwa wale wa vijijini: ardhi ya kijiji husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mwanakijiji hupewa hatimiliki ya kimila. Usiichanganye na hati ya kiwanja cha mjini.

Utata unaotokana na kauli ya kutendea

Mfano: "Mpima amewapimia wanakijiji viwanja." Sentensi hii inaweza kuwa na maana zifuatazo:

(a) Viwanja vilikuwa vyao tayari, naye amevipima kwa manufaa yao.
(b) Amewagawia viwanja vipya kwa kuvipima.
(c) Amevipima kwa niaba yao, kazi ambayo wao ndio walipaswa kuifanya.

Chanzo ni kiambishi -i- katika pim-i-a. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "neno lina maana nyingi" hupoteza alama, kwa sababu hapa neno pima lina maana ileile katika (a), (b) na (c). Linganisha na sentensi ya kibao: pale chanzo ni neno lenyewe kuwa na maana zaidi ya moja.

Utata huondolewa kwa kuongeza taarifa. Kwa mfano: "Nauza kiwanja namba 14, kitalu B, kina bikoni nne na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa." Au, kwa muuzaji mkweli wa upande wa pili: "Nauza eneo lililopimwa kwa hatua." Bei itashuka, lakini mnunuzi atajua anachonunua.

Zoezi

1. Taja maana tatu za sentensi "Baba amenipimia shamba", kisha eleza chanzo cha utata huo.
2. Unda nomino nne kutokana na kitenzi "pima", utumie kila moja katika sentensi.
3. Andika mazungumzo mafupi kati ya mpima ardhi na mnunuzi wa kiwanja, ukitumia istilahi zisizopungua sita za rejesta yao. Mnunuzi aulize angalau swali moja ambalo kibao hakikulijibu.