Mtego wa Nondo: Kwa Nini Hunasa Madume Tu

Ukifungua mtego wa ndoo asubuhi katika shamba la mahindi, wachunguze nondo waliomo. Walio wengi wana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Hao ni madume wa viwavijeshi vamizi. Majike, wanaotaga mayai, hawamo. Wangali shambani.

Usiku jike hutulia juu ya jani, akatokeza tezi iliyo nchani mwa tumbo na kuachia harufu ambayo sisi hatuisikii. Dume huinusa kwa vipapasio, akaifuata akiukabili upepo. Ikimpotea, huyumba kushoto na kulia mpaka aipate tena. Harufu yenyewe ni kidogo mno. Mwaka 1959 mwanakemia Mjerumani Adolf Butenandt alipoitambua ile ya nondo wa hariri, yeye na wenzake walikuwa wametumia tezi za majike wapatao 500,000 ili kupata miligramu chache tu.

Kivutio kinachowekwa mtegoni huiga harufu hiyo ya jike, na kila aina ya nondo ina mchanganyiko wake. Viwavijeshi vamizi na viwavijeshi wetu wa siku zote wana kemikali kuu moja. Zile ndogondogo zinazoandamana nayo ndizo zinazowatenganisha. Kwa hiyo kivutio cha kantangaze, nondo wa nyanya, hakifai kwenye mahindi. Usichanganye vivutio viwili katika mtego mmoja, wala usishike kivutio kwa mkono mtupu: ukishika cha pili kwa vidole vilivyoshika cha kwanza, umekwisha kukiharibu. Vaa glavu. Vya akiba vikae kwenye friji, na kilichomo mtegoni kibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Muuzaji akikwambia kuwa mtego mmoja au miwili itamaliza wadudu, usimsadiki. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, hivyo wachache wanaoponea mtego wanatosha kuendeleza kizazi. Kazi ya mtego ni kukujulisha kwamba nondo wamefika.

Wakianza kunaswa, ingia shambani usingoje. Simama sehemu 5, kila sehemu kagua mimea 10. Tafuta mafungu ya mayai yaliyofunikwa na manyoya, majani yenye vidirisha vyeupe, na kinyesi kibichi kati ya majani machanga ya juu. Uamuzi wa kupulizia dawa utokane na hesabu ya mimea iliyoshambuliwa, si ya nondo waliomo ndooni.