Kwa Nini Maelezo ya Dawa Husahaulika?

Wengi husema, "Mama huyu hasikii anachoambiwa." Mara nyingi amesikia vizuri. Tatizo ni wingi wa maneno anayomwagiwa kwenye dirisha la dawa, huku mtoto analia mgongoni na foleni inamsukuma.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba akili hushika vitu saba hivi kwa mara moja. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan alieleza kuwa ni karibu vinne tu. Tena tukisikia mambo mengi, la kwanza na la mwisho hukaa; ya katikati huponyoka. Kwa hiyo usione haya kusema, "Nesi, ngoja nirudie ulivyonieleza." Kosa likiwapo, litajulikana papo hapo.

Maandishi nayo yana mtego. Bahasha ikiandikwa 2 x 3, sisi wauguzi tunasoma vidonge viwili mara tatu kwa siku. Aliyezoea hesabu za shule husoma sita, na anaweza kuvimeza kwa mkupuo! Omba uchorewe jua la asubuhi, jua la mchana na mwezi. Vijiko pia: cha chai cha kupimia dawa ni mililita 5, cha chakula ni 15. Anayetumia kile kikubwa amempa mtoto dozi mara tatu. Tumieni kipimo kilichokuja na chupa.

Sasa tazameni pakiti ya ALu, dawa mseto ya malaria. Waliyoitengeneza waliifikiria akili ya mgonjwa. Kuna picha za kuonyesha namna ya kumeza, na kila kidonge kikitoka huacha tundu tupu linalosema umefikia wapi. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa baada ya kupita masaa 8 tangu ya kwanza, wala si saa nane mchana.

Ila pakiti haiwezi kuzuia mtego mmoja. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza, na macho yanatuambia amepona. Vidonge vilivyobaki vinafichwa kabatini kungoja homa nyingine, wakati vimelea wengine bado wamo katika damu. Jioni ya siku ya tatu, hata kama yuko uwanjani na mpira, aitwe ameze dozi ya sita, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana ndivyo dawa hii inavyoingia vizuri mwilini.